Mguu Uliopotea

"Mwanangu, ukurasa wa kuwekea nafasi hauna mguu."

Aliyenipigia ni mama mmoja mwenye nyumba za wageni upande wa baharini hapa Mtwapa, na kwa fundi wa kompyuta maneno yale yalikuwa neema. Wateja wengi huniambia "tovuti imekufa" au "mtandao umekataa", nami huuliza maswali ishirini kabla sijajua kama stima imepotea au mtu amesahau nywila. Huyu alitaja ukurasa gani na umepungukiwa na nini. Mguu, kwa lugha yake na yangu tangu siku hiyo, ni kile kipande cha chini kabisa: nambari ya simu, bei za msimu wa wageni na za msimu wa mvua, na maelezo ya mahali pa kushukia kwenye barabara ya Mombasa kwenda Malindi. Kurasa zake arubaini na ushei zilikuwa nacho. Zile za kuwekea nafasi hazikuwa nacho, na Mwitaliano aliyetaka kujua kama vyumba vina neti za mbu alizunguka siku mbili akitafuta nambari ya kupiga.

Tuktuk, shikamoo, marahaba. Mahamri na mbaazi za nazi vilikuwa mezani kabla sijafungua kompyuta.

Tovuti yenyewe ilikuwa kama nyumba za huku kwetu, iliyojengwa na babu kisha mjukuu akaongeza vyumba. Sehemu ya babu ilikuwa kazi ya fundi wa zamani aliyejua anachofanya: kurasa za kawaida, majina ya faili yakiishia kwa .shtml, na karibu na mwisho wa kila ukurasa mstari mmoja:

<!--#include virtual="/vipande/mguu.shtml" -->

Hii ni amri, na anayeamriwa ni seva, si kivinjari cha mgeni. Kabla ya kuutoa ukurasa, seva huupitia herufi kwa herufi. Ikikutana na amri kama hii huenda kuleta faili ya mguu, huipachika pale pale, kisha hutuma kitu kizima. Mgeni haoni mshono. Mafundi huziita SSI; mimi nitaziita amri za kupachika. Faida yake ni kwamba nambari ya simu ikibadilika unahariri faili moja tu na kurasa arubaini zimebadilika.

Sehemu ya mjukuu ilikuwa kazi ya mpwa wa yule mama, kijana aliyetoka chuoni. Yeye alitumia lugha ya PHP. Kurasa zake hazikai kwenye diski zikisubiri. Hutungwa papo hapo kila mgeni anapoziomba, tarehe na vyumba vikichotwa kutoka hifadhidata. Kijana alizitazama kurasa za zamani, akauona ule mstari, akauweka katika programu yake ili uchapishwe mwisho wa kila ukurasa. Mimi pia ningefanya hivyo katika umri wake. Haukufanya kazi, na balaa ni kwamba hakuna kitu kilicholalamika. Hapakuwa na kosa jekundu wala onyo. Ukurasa ulitulia tuli, kama mtu aliyevaa viatu vya mtu mwingine na hataki kusema.

Kimya kile kina historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, Rob McCool aliandika seva ya wavuti iliyoitwa NCSA HTTPd, na amri za kupachika zilizaliwa humo. Waliozibuni waliziandika katika umbo la maoni ya HTML, yaani yale maneno yanayoanza kwa <!-- na kuishia kwa -->, ambayo mwandishi wa ukurasa hujiandikia mwenyewe na kivinjari hakiyaonyeshi. Ilikuwa adabu nzuri: seva isiyozijua amri hizi ingeuachilia ukurasa upite na mgeni asingeona uchafu wowote. McCool alipoondoka NCSA mwaka 1994, watu waliokuwa wakiitumia seva yake walibaki wakiitia viraka wenyewe, na mwaka 1995 viraka hivyo vikawa Apache, iliyorithi amri zile pamoja na adabu yake. Zaidi ya miaka ishirini baadaye adabu hiyo hiyo ilimficha Mwitaliano nambari ya simu. Kosa linalopiga kelele hutengenezwa siku hiyo hiyo. Linalonyamaza huishi miaka, likitunzwa na watu wasiojua kwamba lipo.

Kwa hiyo tendo la kwanza ni kuacha kuutazama ukurasa na kuusoma. Kila kivinjari kina njia ya kuonyesha chanzo cha ukurasa, maandishi yenyewe kama yalivyofika kutoka kwa seva. Tafuta humo mahali ambapo mguu ulitakiwa kuwa. Ukiikuta amri imelala vilevile ilivyoandikwa, hakuna aliyeisoma. Ukikuta sentensi fupi ya Kiingereza ndani ya mabano ya mraba, isemayo kwamba kosa limetokea wakati wa kuishughulikia amri, basi imesomwa lakini haikutekelezeka. Na usipokuta kitu, si amri wala kosa, kuna mkono uliopita njiani ukafagia. Siku hizi zipo programu za kupunguza uzito wa kurasa ambazo huondoa maoni yote zikidhani ni takataka, na amri za kupachika huondoka nayo. Hayo ni maradhi matatu tofauti. Nimewaona watu wazima wakitibu la tatu kwa dawa ya la pili wiki nzima, na mmoja wao nilikuwa mimi.

Kwa yule mama niliikuta amri nzima, imelala. Hakuna aliyeisoma.

Kwa nini? Fikiria karamu ya harusi. Mwandazi yuko uani na masufuria yake. Anapakua pilau kwenye sinia, na juu ya sinia anaweka kikaratasi: "tia kachumbari hapa." Mlangoni amesimama kijana ambaye kazi yake ni kusoma vikaratasi, kutia kachumbari, kukitupa kikaratasi na kuipeleka sinia barazani. Mambo yanakwenda. Sasa jirani anakuja kusaidia, anafungua jiko la pili nyuma ya nyumba na kupakua sinia zake, naye akiweka vikaratasi kama alivyomwona mwenzake. Lakini sinia za jiko la pili hupitia mlango mwingine ambao hauna kijana. Zinafika barazani na vikaratasi vyake, vimefunikwa na nyama, wageni wanakula na hakuna anayeviona.

PHP ndiyo jiko la pili. Inajua lugha yake tu. Amri ya kupachika kwake ni maneno ya kuchapisha, inayachapisha kama inavyochapisha "Karibu" au bei ya chumba, na ikimaliza inaukabidhi ukurasa. Seva ya yule mama ilikuwa imeagizwa kusoma amri ndani ya faili za .shtml peke yake. Ukurasa uliotoka kwa PHP haukupita kwa msomaji.

Na kulikuwa na wakati ambapo usingeweza kupita hata ukitaka. Katika Apache ya zamani, toleo la 1.3, kila ombi lilikabidhiwa mshughulikiaji mmoja: ama PHP, ama msomaji wa amri za kupachika. Mmoja akishalishika, mwenzake hana nafasi. Mafundi wa enzi hizo walipoteza usiku mwingi wakitafuta kosa katika msimbo wao, na msimbo haukuwa na kosa. Apache 2.0, iliyotolewa rasmi mwaka 2002, ilibadilisha mpango: badala ya mshughulikiaji peke yake, kukawa na vichujio vilivyopangwa foleni, kila kimoja kikipokea kilichotoka kwa aliyetangulia. Msomaji wa amri akawa kichujio kiitwacho INCLUDES, na kichujio hakijali ukurasa umetoka kwenye diski au umetungwa na programu sasa hivi. Mistari miwili ingetosha kumweka kijana kwenye mlango wa pili:

Options +Includes
AddOutputFilter INCLUDES .php

Niliiandika katika .htaccess, ile faili ambamo mwenye tovuti huiagiza seva, nikahifadhi, na tovuti yote ikaanguka. Kurasa zote, za babu na za mjukuu, zikawa kosa namba 500. Mama alikuwa akitazama begani kwangu. "Sasa hata kichwa hakuna," alisema, akaongeza chai.

Kosa la 500 baada ya kugusa .htaccess maana yake mara nyingi ni kwamba umeomba ruhusa usiyo nayo. Nilifungua daftari la makosa, ile faili ambamo seva huandika malalamiko yake, na ambayo inashangaza ni wangapi huiacha bila kuisoma ilhali jibu limo humo kwa tarehe na saa. Kampuni iliyomkodishia seva haikuwaruhusu wateja kuwasha Includes kamili. Iliruhusu IncludesNOEXEC, ambayo ni kupachika bila ile amri nyingine, exec, inayoiambia seva iendeshe programu yoyote. Nilinung'unika, nikabadilisha neno moja, tovuti ikarudi. Baada ya nusu saa ningewashukuru kimoyomoyo.

Nikaupakia upya ukurasa wa kuwekea nafasi. Chini kabisa, mahali pa mguu, ilikaa ile sentensi ya Kiingereza ndani ya mabano. Mama alisikitika. Mimi nilifurahi, na ilibidi nimweleze kwamba hii ni habari njema: mpaka dakika tano zilizopita tulikuwa tukizungumza na ukuta, sasa ukuta umejibu.

Jibu lilikuwa katika daftari la makosa, na lilitokana na neno moja. Mpwa hakuinakili amri ya babu yote. Aliandika file pale ambapo fundi wa zamani aliandika virtual, na njia yake ilianza kwa nukta mbili, kupanda folda moja juu. Tofauti ya maneno haya mawili ni tofauti ya mlango wa uani na baraza. Kwa file, seva huchukua faili kwa mkono wake ghalani, na kwa usalama hairuhusiwi kutoka nje ya folda iliyomo wala ya chini yake: hakuna nukta mbili, hakuna njia inayoanzia mzizi wa diski. Kwa virtual, seva hujigeuza mgeni. Hubisha hodi barazani kwa anwani ya wavuti, ombi lake likapita katika kanuni zote za tovuti, na ikiwa kilichoombwa ni programu, programu itaendeshwa. Katika kurasa zinazotungwa, virtual ndiyo salama, na anwani yake ianze kwa mkwaju, kwa sababu ukurasa unaotungwa mara nyingi hujidai uko mahali usipokuwa. Mgeni anaona /nafasi/vyumba/3, lakini programu imekaa kwingine kabisa, na njia isiyoanza kwa mkwaju itahesabiwa kuanzia kwenye hiyo anwani ya kujidai.

(Maadamu tuko kwenye mambo madogo: kati ya <!-- na alama ya reli pasiwe na nafasi, na kabla ya --> nafasi iwepo. Nimelipwa pesa nzuri kwa kuondoa nafasi moja.)

Nikarekebisha. Mguu ukaja, lakini nusu.

Ndani ya faili ya mguu mlikuwa na amri nyingine, sharti lililouliza lugha ya kivinjari cha mgeni: akiwa Mwitaliano asalimiwe kwa Kiitaliano, wengine kwa Kiingereza. Pwani hii, kuanzia Mtwapa hadi Malindi, hilo si urembo. Waitaliano ni wengi. Sharti lilikuwa limevunjika, si kwenye kurasa za PHP peke yake, kila mahali, na hakuna aliyejua limevunjika lini. Daftari la makosa lilijua. Apache 2.4, iliyotoka mwaka 2012, ilibadilisha sarufi ya masharti haya: namna ya zamani ya kutaja kigeugeu kwa alama ya dola haikubaliki tena, isipokuwa uiagize seva itumie msomaji wa kale. Kampuni ilikuwa imepandisha toleo usiku mmoja, kama kampuni zote zifanyavyo, na Kiitaliano kikafa usingizini. Niliandika sharti upya kwa sarufi mpya. Kazi ya dakika mbili, baada ya miaka ya kimya.

Kulikuwa pia na saa. Fundi wa zamani alikuwa ameweka mguuni amri ya kuonyesha wakati, yenye kigeugeu DATE_LOCAL, na seva ilikuwa Marekani. Nilipokuwa nimekaa pale saa tano na robo asubuhi, jua likiwaka, mguu ulitangaza 03:15. Neno la Kiingereza katika jina la kigeugeu hicho humaanisha saa za mahali, lakini mahali ni pa seva, si pa msomaji. Na hata ungeisogeza kwa masaa manane ungepata saa ya Kizungu, ambayo bado ina masaa sita kabla ufike kwetu. Waliobuni namna za kuandika wakati katika amri hizi hawakumfikiria mtu ambaye siku yake huanza alfajiri. Nilimwuliza mama kama kuna mgeni aliyewahi kuitumia saa ile. Alisema yeye mwenyewe hakujua ni saa. Alidhani ni nambari ya chumba. Nikaifuta.

Ilibaki kesi iliyonichukua muda mrefu kuliko zote. Nambari ya simu ilikuwa imebadilishwa mwaka mzima nyuma, katika faili ya mguu, mahali sahihi kabisa, na bado wageni wa zamani waliorudi kwenye tovuti walikuwa wakipiga nambari iliyokufa. Kwenye kompyuta yangu nambari ilikuwa mpya. Kwenye kompyuta ya mama, ilikuwa ya zamani.

Lazima turudi nyuma kidogo. Kabla ya mwaka 2009 Kenya haikuwa na kebo ya nyuzi baharini. Kila ukurasa ulipanda hadi setilaiti iliyo kama kilomita 36,000 juu ya ikweta na kushuka tena, na ombi na jibu lake pekee vilimaliza zaidi ya nusu sekunde hata kama ulichoomba ni nukta. Kebo ya TEAMS iliingia Mombasa mwaka huo, SEACOM ikaanza kazi Julai mwaka huo huo, na watoto waliozaliwa baadaye hawatajua tulivyokuwa tukiitazama picha ya hoteli ikishuka mstari kwa mstari kama pazia. Amri za kupachika zilipendwa enzi zile kwa sababu hiyo pia. Njia nyingine ya kushirikisha mguu katika kurasa nyingi ilikuwa fremu, ambazo zilimlazimu mgeni kuomba kila kipande kivyake, kila ombi na safari yake ya mbinguni. Kupachika kulifanyika kwa seva, huko huko Marekani, na kitu kizima kikaja kwa safari moja.

Lakini palikuwa na gharama. Ukurasa wenye amri za kupachika kwa kawaida hutumwa bila tarehe ya mabadiliko ya mwisho, kwa sababu seva haiwezi kuapa kwamba vipande vyote ni vya lini. Bila tarehe, kivinjari hakiwezi kuuliza "umebadilika tangu siku ile?", kwa hiyo huuleta wote upya kila mara. Fundi wa zamani, akiishi na setilaiti, hakukubali. Alitumia mbinu iitwayo XBitHack, kwa kiwango cha full: unaitia faili ruhusa ya kuendeshwa na kikundi, na seva itautuma ukurasa ukiwa na tarehe ya faili yenyewe. Vivinjari vikaanza kuuliza, seva ikaanza kujibu "haujabadilika, tumia ulio nao", na wageni wa Mtwapa wakaokoa sekunde na shilingi.

Mtego ni kwamba tarehe hiyo ni ya ukurasa, si ya mguu uliopachikwa ndani yake. Ukihariri mguu, ukurasa haujaguswa, tarehe ni ile ile. Kivinjari kinauliza, seva inajibu kwa dhamira safi kwamba hakuna kilichobadilika, na nambari iliyokufa inaendelea kuonyeshwa. Mgeni mpya, asiye na nakala, anaona nambari mpya; kwa hiyo kila fundi anayeitwa anasema kwake mambo ni sawa. Niliondoa ile ruhusa kwenye faili zote arubaini na ushei kwa amri moja, na kompyuta ya mama ikapata nambari mpya papo hapo. Sikuona haja ya kumlaumu yule fundi. Alitatua tatizo la wakati wake vizuri kuliko ambavyo mimi ningefanya; kebo ndiyo iliyokuja kumgeuka.

Ningeishia hapo, nikalipwa, nikaondoka. Lakini nilipokuwa nikijaribu kurasa za PHP moja baada ya nyingine nilifika kwenye ukurasa wa maoni ya wageni, kile kisanduku ambamo mtu huandika kwamba samaki alikuwa mtamu na bahari ni ya buluu. Nikasita, kijiko kikiwa mkononi.

Rudi kwenye harusi. Nimemweka kijana kwenye mlango wa pili na kumwambia asome kila kikaratasi kilicho juu ya sinia. Sikumwambia atofautishe kikaratasi cha mwandazi na kikaratasi cha mgeni, na hawezi, kwa kuwa karatasi ni karatasi. Mgeni akiandika katika kisanduku cha maoni amri ya kupachika badala ya sifa za samaki, PHP itaichapisha, kichujio kitaisoma, seva itatii. Ukurasa uliotungwa ni maneno ya watu wengi yaliyochanganywa, na msomaji aliye mwisho wa foleni anayasoma yote kwa imani ile ile.

Hili si jambo la kubuni. Miaka ya 1990 programu ya daftari la wageni ya Matt Wright, guestbook.pl, ilikuwa katika tovuti nyingi mno duniani. Ilijaribu kujikinga kwa kufuta chochote kilichokaa kati ya <!-- na -->. Mwaka 1999 ikabainika kwamba Apache 1.3.9 ilikubali amri iliyofungwa kwa njia nyingine, si kwa --> tu, kwa hiyo mtu aliyefunga vibaya kwa makusudi alipita kinga na kuiagiza seva iendeshe programu anazotaka. Mkaguzi na msomaji hawakukubaliana amri inaishia wapi, na mwizi akapita katika pengo hilo. Ndipo nilipoishukuru ile kampuni na IncludesNOEXEC yake. Hata hivyo exec ikizimwa, kupachika kunabaki, na sikutaka mgeni asiyejulikana apachike kitu chochote kwenye tovuti ya mwanamke aliyenilisha.

Dawa ya kwanza ni ya PHP: kila neno la mgeni ligeuzwe kabla ya kuchapishwa, ile alama ya < iwe &lt;, nalo halitakuwa amri kwa yeyote. Mpwa alikuwa amefanya hivyo katika kisanduku cha maoni, na nilimsifu kwa simu. Hakufanya hivyo katika jina la mgeni.

Basi nikabadilisha nia. Nikaifuta mistari yangu miwili na kumwondoa kijana kwenye mlango wa pili. Mguu ni nambari ya simu, bei na maelezo ya njia. Haufai kuwa sababu ya kufungua mlango ambao itabidi ulindwe milele, na kila mpwa ajaye. PHP ina njia yake ya kuleta faili, na mwandazi anaweza kutia kachumbari mwenyewe kabla sinia haijatoka uani. Ilibaki kero moja: PHP ikiileta faili ya mguu kama ilivyo, lile sharti la Kiitaliano ndani yake lingekuja bichi, halijasomwa na mtu. Nikaugawa mguu. Maneno yenyewe yakakaa katika faili mbili tupu, ya Kiitaliano na ya Kiingereza, bila amri yoyote. Kurasa za babu zinachagua kwa sharti la kupachika. Kurasa za mjukuu zinachagua kwa PHP. Maneno ni yale yale, mahali pamoja, na kila jiko lina mtu wake wa kuchagua. Jina la mgeni pia likageuzwa kama maoni yake.

Siku hizi ningekuwa na mlango wa tatu wa kuangalia. Kampuni nyingi huweka seva nyingine, nginx, mbele ya Apache, nayo inazijua amri za kupachika, ila huzisoma tu ikiagizwa. Na ikiwa ukurasa unaifikia ukiwa umeshabanwa kwa gzip, haioni amri hata moja, kama mtu anayetafuta kikaratasi ndani ya kifurushi kilichofungwa kamba. Mwaka 2001 kampuni ya Akamai na wenzake walipendekeza ndugu wa amri hizi, ESI, ili kupachika kufanyike kwenye seva zilizo karibu na msomaji badala ya kule zilikotoka. Majina hubadilika. Swali ninalouliza kila mara ni lile lile la mlangoni: nani ameugusa ukurasa huu, kwa zamu gani, na nani alikuwa wa mwisho.

Nilifunga kompyuta. Mbaazi zilikuwa zimepoa. Mama alikuwa ameivuta miwani yake na kuufungua ukurasa wa kuwekea nafasi kwenye simu, akiteremka kwa kidole, akiteremka, mpaka chini kabisa.

"Upo," alisema. Kisha akapandisha tena hadi juu. "Lakini mwanangu, watu hawafiki huku chini. Hiyo nambari huwezi kuipandisha kichwani?"

Mguu uko katika faili mbili tu, na kilichomo unakibadilisha kwa dakika. Mahali unapopachikwa pameandikwa katika kila ukurasa, mmoja mmoja, kurasa arubaini na ushei. Nikavuta hamri lingine na kuifungua kompyuta tena.